Upande wa Sikio la Barnaba

Mmeniandikia, wanafunzi wangu, kutoka Walikale kwamba mvua imeingia tena kwenye ukuta wa nyumba ya mikutano, chokaa imevimba chini ya dirisha la pili na inabanduka, na kwamba mnataka kuwapaka upya wale watu wanaotoka tumboni mwa lile dude, kirimu. Mmeuliza pia, kwa adabu nyingi ambayo sikuwazoeza, kwa nini baadhi yao wamegeuza migongo, na kama lilikuwa kosa mlisahihishe. Msisahihishe kitu kabla ya kumaliza kusoma karatasi hizi. Naandika kwa herufi kubwa kama za kibao cha barabarani kwa sababu ndogo sizioni tena. Chokaa imenila macho. Nimeacha kazi mapema kuliko nilivyotaka, lakini mkono bado uko, na kumbukumbu iko nzima kabisa, kwa hiyo msithubutu kusema mzee amesahau.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini. Sikupanda popote isipokuwa kwenye ngazi.

Nilianza kazi Masisi, vita ya Wazungu ikiwa imeshaanza, nami nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Kabla ya hapo nilikuwa mbeba mizigo kwenye njia ya Walikale na Itebero, pamoja na rafiki yangu Barnaba. Nawaomba mlishike jina hilo. Tulibeba chumvi, vitambaa, na yale mawe meusi mazito ya mgodini ambayo mfuko mdogo tu unakukunja mgongo. Barnaba alikuwa mwindaji pia. Waya wa mtego uliruka siku moja ukamng'oa kipande cha juu cha sikio la kushoto, na tangu siku hiyo alikuwa akigeuza kichwa upande wa kushoto kulificha watu wanapomtazama. Mimi goti langu lilikataa mizigo. Katekista mmoja akaniambia misheni ya Masisi inatafuta watu wa kupaka chokaa, nami nikapanda milima nikiwa na fimbo na tumaini dogo.

Aliyenipokea ni Papa Gaspari, mzaliwa wa Masisi, mtu mfupi mwenye mikono mipana kama majembe. Alikuwa mchoraji wa misheni, na vilevile fundi wa paa, na mpiga kengele siku mpiga kengele akilewa. Siku ya kwanza hakunipa brashi. Alinipeleka mbele ya ukuta uliokandikwa wiki iliyopita, akasema:

“Lamba.”

Nilidhani ni mchezo wa kuwacheka wageni. Nikacheka. Yeye hakucheka.

“Lamba ukuta, Tomasi. Ulimi ikinasa, ukuta iko na kiu, itakunywa rangi. Ulimi ikiteleza, ngojea. Rangi utaweka leo, kesho itakuanguka ku kichwa.”

Nikalamba. Uliteleza. Tukangoja siku tisa, na katika siku hizo alinifundisha kazi nyingine zote: kuloweka chokaa mpaka iache kuchemka, kuchekecha udongo mwekundu wa kingo za barabara, kukwangua masizi chini ya vyungu vya akina mama bila kuviiba vyungu vyenyewe, kufunga brashi kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Ng'ombe wa milimani wana nywele nzuri na miguu ya haraka. Jifunzeni kusimama pembeni. Gundi yetu ilikuwa uji mwepesi wa muhogo. Mayai tulipewa machache, kwa hiyo yalitiwa kwenye rangi ya nyuso na mikono tu. Malaika wote mnaowaona Masisi wamevaa muhogo.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa kikanisa kipya, ambamo mapadri walitaka malaika anayepigana na joka. Papa Gaspari hakuwa amewahi kuona joka. Alichora kirimu, lile dude la msituni ambalo kila mtoto wa Walikale analijua kabla ya kujua kutembea: vichwa saba, manyoya ya mkaa, tumbo linalomeza kijiji kizima pamoja na mbuzi wake na moto jikoni. Padri alipokuja kukagua alihesabu vichwa kwa kidole. Akahesabu tena. Akafungua kitabu chake.

“Gaspari, vichwa saba! Hivyo hasa ndivyo ilivyoandikwa. Nani alikufundisha?”

“Mama mukwe wangu, Padri.”

Padri alifunga kitabu taratibu, akatoka nje kutazama hali ya hewa. Kirimu alibaki. Jumapili ya kwanza, watu wa msituni waliopanda kufanya kazi za vita walisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya altare. Mama mmoja alilia kwa sauti. Nilimuuliza Papa Gaspari mama yule aliona nini, maana mimi niliona mkaa na muhogo tu.

“Aliona kile kilimumeza bwana yake,” akasema. “Ukichora bunduki, bantu bataangalia bunduki, batauliza ni ya Mubelgiji ao ya nani. Chora kirimu. Kila muntu ataingiza mule vita yake.”

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo na sijasikia fundisho la uchoraji lililo bora kuliko hilo. Na nimewahi kusikiliza Mzungu mmoja wa shule ya sanaa aliyefika kutoka Costermansville, ambayo siku hizi mnaiita Bukavu, akizungumza tangu asubuhi mpaka chakula.

Vita ile haikufika kwetu kwa risasi. Ilifika kwa vikapu. Bulamatari, yaani serikali, alitaka mpira, akataka mawe ya mgodini, akataka wabebaji, akataka askari. Wanaume waliingia msituni kukata mimea ya mpira inayotambaa mitini na mashamba yakabaki kwa wanawake na nguruwe-mwitu. Sisi tuliagizwa kuchora vibao: LETENI MPIRA, TUSHINDE VITA. Nilivichora, sikatai, na herufi zangu zilikuwa nzuri sana. Ila kwa vibao vile Papa Gaspari alitia gundi kidogo mno. Mvua ya Masisi ilifanya kazi iliyobaki.

Barnaba alipita Masisi pamoja na waliochukuliwa kwenda jeshini. Walipumzika kwetu mchana mmoja. Aliniona juu ya ngazi akaja kunicheka, kisha akashika mwiko akatusaidia kukoroga chokaa, kwa sababu hakujua kukaa bure. Nikachukua kipande cha mkaa, nikamchora nyuma ya kimoja cha vile vibao vya mpira. Ilikuwa mara ya kwanza kumchora mtu aliye hai. Nilitazama kila kitu: paji la uso, mashavu, mdomo ulioanza kucheka kabla ya macho, lile sikio.

“Umenipa sikio moja na nusu!” akasema.

“Njo zile uko nazo,” nikamjibu, yaani ndizo alizo nazo.

Akacheka sana. Akasema mke wake Yosefina anamwita hivyo hivyo, Moja-na-Nusu, wakiwa peke yao. Kisha wakaitwa, akajipanga mstari, akaondoka bila kulificha lile sikio. Walikwenda vitani Abisinia.

Vita ilipokwisha, ofisi ya teritware, yaani wilaya, ya Walikale ikajenga nyumba ya mikutano, na bwana administrateri, mkuu wake, akaagiza kwenye ukuta mrefu uchorwe ushindi. Alitaka bendera na askari wanaotembea sawasawa. Papa Gaspari alimjibu ndiyo kwa kila sentensi, halafu akaniambia njiani kwamba tutachora jinsi vita ilivyowatapika watu. Bendera tungeiweka kwenye kona, ndogo, na tuitie mayai ili asilalamike.

Sasa sikilizeni namna ya kazi yetu, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipotokea. Papa Gaspari alikuwa na sharti moja: hadithi ya kale haichorwi mpaka iimbwe yote mbele ya ukuta mtupu. Wimbo haujaisha, rangi haikorogwi. Alisema mkono ukianza kabla ya sikio kumaliza, utachora uongo. Kwa hiyo tulimwita Mzee Lubala, mwimbaji wa hadithi kutoka kijiji kilicho mwendo wa saa moja kwenye njia ya Itebero. Mzee Lubala alikuwa baba yake Barnaba.

Aliimba asubuhi tatu, kayamba mkononi, kifua chake kikikoroma kati ya mistari. Aliimba jinsi kirimu alivyomeza vijiji, na jinsi bibi kizee mmoja alivyomezwa akiwa na kisu chake cha kumenyea ndizi, akakaa gizani, akapapasa, akapata mahali pembamba, akakata.

*Tumbo la giza, fungua mlango,*
*uliowameza uwarudishe.*
*Njoo wewe uliyekuwa unatwanga,*
*njoo wewe uliyekuwa unatega,*
*moto uliouacha jikoni bado una moshi.*

Asubuhi ya tatu ilikuwa fupi. Mzee alifika pale watu wanapotokea mwangani, akanyamaza, akasema imekwisha. Papa Gaspari alimtazama kwa muda uliozidi kidogo kawaida ya kumtazama mtu. Tukaanza kukoroga.

Kirimu alichorwa na Papa Gaspari mwenyewe, kutoka dirisha la kwanza mpaka mlangoni. Watu wanaotoka aliniachia mimi. Alinionya jambo moja: “Usiweke uso ya muntu unayemujua. Ku wimbo muntu iko na jina tu, ku ukuta iko na uso. Uso ni muzito.” Kisha akarudi Masisi kuleta chokaa nyingine, na mimi nikabaki na mayai.

Nilikuwa nimeiva katika kazi, na nilijua. Nilichora watu wawili watatu wenye nyuso za kubuni, wakatoka wote wakifanana na viazi. Ndipo nikamkumbuka Barnaba. Askari walikuwa wanarudi mmoja mmoja, habari zake hazijafika, nami nilikuwa na hakika atarudi. Nikamchora mbele ya wote, mguu mmoja umeshavuka mlango wa tumbo, mdomo umeanza kucheka kabla ya macho, sikio moja na nusu. Ulikuwa uso bora niliowahi kuchora. Niliteremka ngazi nikautazama nikasema kwa sauti, peke yangu: “Tomasi, wewe ni mchoraji.” Hayo ndiyo niliyoyasema. Yananitia haya, lakini nimeahidi kuwaambia kazi ilivyokuwa.

Papa Gaspari aliporudi alisimama pale na gunia la chokaa begani.

“Umeweka Barnaba.”

“Nimemuweka.”

“Ulisikia habari yake?”

“Bado. Lakini atafika.”

Alitua gunia.

Hazikupita wiki mbili, koplo mmoja akafika na mkanda wa Barnaba umefungwa kwenye kitambaa. Koplo huyo alikuwa pamoja naye. Barnaba hakufa kwa risasi. Aliumwa tumbo njiani wakati wa kurudi, katika nchi isiyo na miti, wakamzika kando ya barabara na msafara ukaendelea. Koplo alimwambia Mzee Lubala mwenyewe, kwa maneno machache, akakabidhi mkanda. Kijiji kizima kililia.

Nami nililia. Lakini Papa Gaspari aliponiambia, “Futa ile uso,” nilimjibu, “Kesho.” Kesho yake nikasema ukuta una unyevu. Siku ya tatu nikasema brashi pana imepotea, na nilikuwa nimeikalia. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya urafiki. Ukweli ni kwamba sikutaka kuharibu uso ule kwa sababu ulikuwa mzuri, na hiyo ni aibu yangu mpaka leo.

Kwetu mtu akifa mbali na mwili usirudi, huzikwa shina la mgomba. Linakatwa kwa urefu wa marehemu, linafungwa kwenye mkeka aliolalia, linaliliwa na kufukiwa. Bila hivyo hajazikwa. Mke wake si mke wala si mjane, na baba yake hawezi kutamka jina lake kati ya wafu wa ukoo. Familia ilipanga siku. Siku moja kabla, Yosefina alikwenda soko la Walikale kununua chumvi ya wageni. Akina mama wa soko wakamwambia, bila ubaya wowote, “Bwana yako iko mu ile nyumba mupya.” Akaingia kuona. Alinunua chumvi akarudi kwao.

Asubuhi ya maziko tulikwenda, mimi na Papa Gaspari. Shimo lilikuwa limechimbwa, mgomba umefungwa mkekani na mkanda wa Barnaba juu yake. Mzee Lubala alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekonda, akikohoa. Wanaume waliposhika mkeka, Yosefina alisimama kati yao na shimo.

“Musizike. Barnaba iko ku ukuta ya Walikale. Nilimuona na macho yangu. Anatoka. Mguu yake moja imekwisha kutoka.”

“Yosefina, ile ni rangi,” shemeji mmoja akasema.

“Rangi? Nani aliambia rangi mambo ya sikio yake? Nani aliiambia vile anacheka? Koplo aliona muntu mugonjwa, wakaacha kaburi, wakaenda. Ule wa ukuta iko muzima!”

Watu wote wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo kwa kazi yangu, na sitaki tena. Mzee Lubala aliniita kwa mkono.

“Tomasi, mutoto wangu. Weye njo ulimutoa mule. Sasa mimi nitamuzika namna gani?”

Shimo lilikuwa wazi bado. Mnajua inavyosemwa huku: shimo la kaburi likikutwa na giza likiwa wazi, linatafuta mtu wake. Hakuna aliyetamka, ila macho ya watu yalikuwa yanakwenda kwenye shimo, yanarudi kwa Mzee Lubala na kikohozi chake. Naye aliyaona.

“Siogopi kufa,” akasema. “Naogopa nikufe, na Barnaba hajazikwa. Nitafika kule baulize, mutoto yako iko wapi? Nitasema nini? Iko ku ukuta?”

Papa Gaspari akasema twende wote ukutani, jua bado liko juu. Wakambeba mzee kwenye tipoyi, kiti cha miti mabegani mwa wanaume wanne. Yosefina alitangulia. Saa nzima ya njia ile, ambayo niliijua kila jiwe lake kwa sababu ya Barnaba, nilitembea nyuma ya watu wote.

Ndani ya nyumba ya mikutano nilichukua brashi pana, nikaichovya kwenye chokaa. Nilitaka kumaliza haraka. Yosefina akaweka mgongo wake ukutani, juu ya kifua cha Barnaba, kichwa chake kikafika kidevuni pa mumewe.

“Ukimufuta, njo weye utakuwa umemuua. Haitakuwa vita. Itakuwa Tomasi.”

Chokaa ikawa inadondoka kwenye miguu yangu. Nilijua anasema kweli. Mtu aliyetolewa tumboni mwa kirimu harudishwi kwa brashi, hata mtoto asingeikubali hadithi ya namna hiyo. Na kumwacha pale vilevile ni kumzuia mwanamke huyu mlangoni maisha yake yote.

Ndipo Papa Gaspari akamgeukia mzee pale kwenye tipoyi, akamuuliza kwa upole sana:

“Papa Lubala. Ile siku ya tatu, uliruka kipande?”

Mzee alikohoa, akashika mti wa tipoyi.

“Niliruka,” akasema. “Habari ya mutoto ilikuwa haijafika. Niliogopa nikiimba ile, nitamuita njia ile.”

“Sasa?”

Mzee akaomba kayamba. Hawakuwa nayo. Mtu akampa kopo langu la misumari, naye akalitikisa, akaimba kile kipande mbele ya ukuta:

*Wengine walifika mlangoni, jua likawauma macho.*
*Walisalimu moshi wa nyumbani kwao,*
*hawakuvuka.*
*Waligeuka, wakashika njia ya mto.*
*Tuliwaita majina, walisikia.*
*Migongo yao tuliijua, tukaiaga migongo.*

Wazee waliokuwepo waliitikia mstari wa mwisho. Walikuwa wakiujua siku zote. Mimi peke yangu, na mayai yangu, ndiye niliyechora hadithi nusu.

Nikaweka chini brashi pana. Nikachukua ile nyembamba. Nikamwambia Yosefina, “Mama, siwezi kumufuta. Lakini wimbo inasema iko bengine waligeuka. Nimugeuze?”

Yosefina alitoka ukutani, akakaa chini karibu, akakumbatia magoti.

Kumgeuza mtu ukutani ni kazi ya ufundi, nawaeleza kwa faida yenu. Umbo la kichwa na mabega hubaki lilivyo. Nilianza na macho, kwa sababu nisingeweza kufanya kazi yakinitazama. Nikayafunika kwa masizi, kisha mdomo, kisha uso mzima ukawa kisogo. Nikaweka bonde la shingo, uti wa mgongo, na chini nikageuza vidole vya miguu kuwa visigino. Mguu ule uliokuwa umevuka nje sasa ulikuwa wa nyuma, wa mtu anayeshika njia ya mto. Sikio nililiacha vilevile. Nilifikiri, hilo angalau halihitaji kuguswa, kila mtu atamjua kwalo. Nikashuka.

Yosefina alitazama muda. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenionyesha uzi umefumuka kwenye shati:

“Tomasi. Ni sikio gani ilikatika?”

“Ya kushoto.”

Akasimama. Akaweka kidole kwenye sikio lililokatika, upande wa kulia wa ukuta.

“Kama anakuya, iko huku.” Akavuta kidole kupitia kisogoni, polepole, rangi mbichi ikamfuata kidoleni, akafika upande wa pili. “Kama anaenda, iko huku.”

Kisha akajishika mdomo. Alikuwa amesema mwenyewe, na wote tulisikia.

Nikarudishia sikio la kulia kipande chake, nikaking'oa kwenye la kushoto. Yosefina alichovya kidole katika kibakuli changu cha masizi akajipaka paji la uso, alama ya ujane wa kwao. Alilia sasa, kwa sauti yote, na wanawake wakamshika. Halafu akajifuta macho kwa kiganja.

“Twendeni. Jua inaenda.”

Barnaba alizikwa kabla ya jua kuzama. Mzee Lubala alitupa udongo wa kwanza. Aliishi mpaka kiangazi kilichofuata, akafa mchana, kwenye kiti chake, akiwa na mahali pa kwenda.

Bwana administrateri alipofungua nyumba ile rasmi aliniuliza kwa nini mmoja anawapa watu mgongo. Nikamjibu, “Anaenda kwao, Bwana.” Akasema vizuri, akaenda kutazama bendera yake.

Baada ya hapo walianza kuja wengine, kutoka Itebero, kutoka migodini, hata kutoka Masisi. Si wote waliofiwa na askari. Wengine mume alipotelea kwenye mpira, au ndugu alibebeshwa mzigo akachukuliwa na mto. Walisimama mlangoni wakisubiri nishuke kwenye ngazi, wakanieleza mgongo: huyu alikuwa anainama kidogo, huyu alikuwa na kovu hapa. Nilijifunza kwamba mtu anaujua mgongo wa mtu wake vizuri kuliko anavyodhani. Nilichora migongo saba kwenye ukuta ule, na kwa kila mmoja niliimbiwa kwanza kile kipande. Nyuso zangu za kubuni zilizofanana na viazi ziko palepale, zinaendelea kutoka. Ziacheni. Mtu fulani huenda akarudi.

Papa Gaspari amekwisha fariki. Yosefina aliolewa na mwalimu wa vijijini, ana watoto watatu, na siku za soko huingia mle ndani na kikapu chake, hukaa kidogo, hutoka. Atakuja mkiwa mnafanya kazi. Mpisheni, na mmsalimie kwa heshima, kwa maana yeye ni mwalimu wangu wa pili.

Sasa kazi. Lambeni ukuta kwanza. Kwa mvua mliyoniandikia, utateleza, ngojeni hata mwezi. Tafuteni mtu aimbe wimbo wote, msikubali aruke. Mayai kwa migongo, muhogo kwa kirimu. Na mtakapofika kwa yule wa mbele, chini ya dirisha la pili, msije mkatengeneza lile sikio. Limekatika juu, na liko upande wa kushoto kwenu mnaotazama, kwa sababu anaondoka.